Shajara ya Mradi: Kukinga Wasiwasi wa Watoto Shuleni, Lamu

Januari, kabla ya shule kufunguliwa

Mradi unahusu watoto wa Gredi ya 4 na ya 5, wenye umri wa miaka 9 hadi 11, katika shule mbili za msingi za kaunti ya Lamu. Ya kwanza iko mjini, na wanafunzi wake wengi hufika kwa miguu kupitia vichochoro; wachache huvuka kwa boti kutoka kisiwa cha Manda. Ya pili iko upande wa bara, na pamoja na watoto wa wakulima wa hapo inapokea watoto ambao jamaa zao walihama vijiji vyao kwa sababu ya mashambulizi. Gredi ya 6 tumeiacha kwa makusudi. Mwaka wao wote huzunguka KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, na mwalimu anayewazia mtihani hana nafasi ya kumsikiliza mtu anayemletea kipindi kipya.

Tumechagua umri huu kwa kuwa wasiwasi uliopita kiasi ni miongoni mwa matatizo ya akili yanayoanza mapema, mara nyingi kabla ya mtoto kubaleghe, na kwa kuwa mtoto wa miaka 10 tayari anaweza kuitazama fikra yake na kuihoji, jambo ambalo wa miaka 6 hajaliweza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na wasiwasi ni katika yale yanayoongoza. Ukisubiri mpaka mtoto aache shule ndipo umpeleke hospitali, umesubiri mno.

Mafunzo yenyewe hatukuyabuni. Mwanasaikolojia Philip Kendall wa Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, aliandaa tiba ya watoto wenye wasiwasi. Paula Barrett na wenzake nchini Australia wakaitohoa, wakaifanya ya kikundi, na hatimaye wakaiingiza madarasani kwa jina la FRIENDS, yenye vipindi 10, viwili vya kukumbushia, na vikao vya wazazi. Hatutumii vitabu vyao, kwa kuwa vina leseni na mifano yake ni ya watoto wa mazingira mengine. Tulichokichukua ni ule uti wa mgongo ambao programu zote za aina hii huushiriki: mtoto atambue dalili za hofu mwilini mwake, aihoji fikra inayomtisha, ajue namna ya kuutuliza mwili, kisha alikaribie jambo analoliogopa hatua kwa hatua badala ya kulikwepa.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na ndilo linaloachwa nje mara nyingi na watu wanaodhani kwamba kazi yetu ni kuwatuliza watoto. Mtoto anayeogopa kusoma mbele ya wenzake, akiruhusiwa kuketi, hofu yake hushuka papo hapo. Lakini ahueni ile ndiyo inayomfunza kwamba dawa ya hofu ni kukwepa, na kesho yake hofu hurudi ikiwa imenenepa. Mtoto akibaki palepale hata kidogo tu, akaona kwamba aliloliogopa halikutokea au limetokea na yeye yu mzima, hujifunza kitu ambacho maneno ya kumbembeleza hayawezi kumfunza. Kwa hiyo programu ya kupumua na kuchora nyuso zenye furaha, isiyomfikisha mtoto kwenye jambo lenyewe, sisi tunaiona kuwa nusu ya kazi.

Januari, wiki ya mwisho

Kikao kirefu juu ya nani afundishe. Walimu wakuu wote wawili wangependa walimu wao wafundishe peke yao, kwa sababu ndio waliopo na hawaombi nauli. Hoja yao ni ya kweli, lakini ushahidi unatutia shaka. Utafiti ulioongozwa na Paul Stallard wa Chuo Kikuu cha Bath na kuchapishwa mwaka 2014 uliipeleka programu ya FRIENDS katika shule 40 za kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa watoto wa miaka 9 na 10, karibu rika moja na wetu. Programu ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni mwenye kuifundisha. Baada ya miezi 12, watoto waliofundishwa na wawezeshaji kutoka upande wa afya walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliofundishwa na watumishi wa shule, na hawa wa mwisho hawakuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao wa shule zilizoendelea na masomo ya kawaida. Wanaoipigia debe programu hupenda kuishia hapo. Habari yenyewe inaendelea kwamba kufikia miezi 24 tofauti ile ilikuwa imefifia.

Uingereza ina watumishi wa afya wa kuwatuma shuleni, Lamu haina. Hapa Kenya yapo matokeo yanayotusogeza karibu na hali yetu. Mwaka 2021 Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri walichapisha jaribio la wanafunzi 413 wa shule za upili waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi, wakaongozwa kwa vipindi vinne vya kila wiki na vijana waliotoka shule ya upili si zamani, na dalili zao zikapungua kuliko za wenzao waliopewa mafunzo ya stadi za kusoma. Ni lazima tuseme wazi kwamba hao walikuwa vijana wa sekondari waliokwisha kuwa na dalili, na yaliyomo katika vipindi vile si haya yetu. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba kilichofaa kule kitafaa kwa mtoto wa Gredi ya 4. Tunachokichukua ni kimoja tu, kwamba mtu asiye na shahada ya saikolojia anaweza kuifanya kazi hii akifunzwa vyema na akisimamiwa.

Tumekubaliana hivi: kila darasa litaongozwa na kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na anayesubiri kujiunga na chuo, akiwa pamoja na mwalimu wa darasa, na muuguzi wa afya ya akili atawasimamia wote wawili kila wiki. Mwalimu hatolewi nje hata siku moja. Kijana ataondoka mwaka ukiisha, mwalimu atabaki na watoto.

Februari

Barua za ruhusa zimeandikwa kwa Kiswahili chepesi na kusomwa kwa sauti katika mkutano wa wazazi, kwa sababu barua iliyotiwa ndani ya mkoba wa mtoto huishia kuwa mashua ya karatasi. Mzazi anatia saini, na mtoto naye anaulizwa kwa upande wake kama anataka. Tumeeleza pia mpaka wa siri: atakayoyasema mtoto yatabaki kipindini, ila akisema anadhuriwa na mtu, hapo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatutaka tumlinde, na ofisa wa watoto atajulishwa. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto isiyolipiwa, imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Mzee mmoja wa shule ya mjini alisimama akasema mwanawe si mwendawazimu, na hakuona kwa nini muuguzi wa wagonjwa wa akili aingie darasani. Mwalimu Mkuu alimjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi. "Mzee wangu, daktari wa meno akija hapa huwafunza wote kupiga mswaki, wenye meno mabovu na wenye meno mazima. Mbona hilo hukulikataa?" Watu walicheka na mzee akaketi, ingawa saini aliitoa wiki iliyofuata, baada ya mkewe kuja peke yake na kuuliza maswali ya maana zaidi.

Mama huyo alieleza kwamba mwanawe huumwa na tumbo kila Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi hali chakula, akiachwa nyumbani adhuhuri tumbo limepoa. Ameshasomewa Qurani, ameshapewa dawa ya minyoo. Muuguzi alimwambia kwamba hatua ya kwanza ni kuhakikisha hospitali kwamba hakuna ugonjwa, kwa kuwa si kila tumbo la Jumapili ni la wasiwasi. Ikiwa hakuna, basi aangalie kalenda ya maumivu kabla ya kuangalia tumbo. Watoto wa umri huu ni nadra kulalamika kwamba wana hofu. Hulalamika kichwa, tumbo na kichefuchefu, na maumivu yenyewe ni ya kweli wala si ya kusingizia. Katika wazazi wote waliohudhuria, huyu ndiye aliyetusaidia kuandika upya ukurasa wa wazazi, ambao sasa unaanza na tumbo na usingizi, si na fikra.

Ustadh wa madrasa ya jirani alikuwa na shaka na zoezi la kupumua, kwa kuwa alisikia kwamba ni yoga na akataka kujua watoto watatamka maneno gani. Tulimkaribisha akae nyuma darasani. Hakuna maneno yanayotamkwa: mtoto huvuta pumzi polepole, hutoa polepole zaidi, basi. Aliridhika, akaomba kipindi cha walimu wa madrasa kuhusu watoto wanaotetemeka wakiitwa kusoma mbele yake. Ombi hilo hatukulitarajia, na limeingia katika mpango. Kuhusu kisomo, msimamo wetu ni kwamba hatumzuii mzazi. Tunaloomba ni kwamba mtoto anayesomewa asikosekane shule kwa ajili hiyo, maana hapo kisomo kinakuwa njia nyingine ya kukwepa.

Ramadhani imeangukia muhula huu. Vipindi vitaanza Mei.

Machi

Tumeutumia mwezi huu kwa dodoso la kupimia wasiwasi wa watoto. Tulilolichagua ni lile la Susan Spence, nalo ni la Australia vilevile, lenye vipengele 44. 38 vinauliza juu ya wasiwasi na sita ni vya mambo mema, ili mtoto asione kwamba anahojiwa mabaya matupu. Limetumika duniani kote na hilo ndilo jema lake. Taabu yake imejitokeza tulipolisoma na watoto wachache wa majaribio. Kipengele kimoja kinauliza kama mtoto huogopa kusafiri kwa gari, basi au treni; kingine kinataja mahali pa juu na lifti. Kwa mtoto wa mjini Lamu, ambako watu hutembea kwa miguu au kwa punda na mizigo hushushwa gatini, treni ni picha ya kitabuni, na lifti haijulikani hata kwa picha. Msichana mmoja alijibu kwamba haogopi treni kamwe, kisha akauliza ni nini hasa. Jibu lake linahesabiwa kuwa dalili ya utulivu, kumbe ni dalili ya jiografia tu.

Palikuwa na rai ya kubadilisha vipengele hivyo viwili, treni iwe boti na lifti iwe minazi. Nimeikataa, na muuguzi ameniunga mkono. Ukianza kubadilisha vipengele, jumla unayoipata haiwezi tena kulinganishwa na ya mahali pengine, na hapo hakuna haja ya kutumia dodoso la mtu. Tumeliacha lilivyo, tukaongeza ukurasa wetu wa pembeni usioingia katika jumla: kuvuka kwa boti bahari ikichafuka, umeme kukatika usiku, kuitwa ubaoni, kusoma madrasani mbele ya wakubwa, kusikia mlio mkubwa wa ghafla. Tafsiri imefanywa na mtu mmoja kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, na mwingine ambaye hakuwahi kuiona asili akairudisha, ndipo tukaziona tofauti.

Jambo jingine dogo lakini lenye madhara: watoto wengi walidhani ni mtihani. Walitaka kujua jibu sahihi ni lipi, na wawili walinakili kwa jirani. Tangu hapo mwezeshaji anasoma kila swali kwa sauti, watoto wameketi mmoja kwa dawati, na kabla ya kuanza wanajaza mfano usio na maana yoyote, kama vile mara ngapi wanakula embe, ili waone wenyewe kwamba majibu yanaweza kutofautiana na hakuna anayepata alama.

Mei

Vipindi vimeanza, mara moja kwa wiki, katika somo la malezi ambalo tayari limo katika ratiba ya mtaala wa umilisi. Hatukuchukua dakika hata moja ya Hisabati, na hilo limetuepushia maneno mengi.

Kipindi cha kwanza kinaeleza hofu ni nini, kwamba ni mlinzi, na kwamba bila yeye mtoto angeshika nyaya za umeme. Mwezeshaji wa shule ya bara aliwaambia watoto kwamba wasiwasi ni jogoo anayewika usiku wa manane: jogoo ni mzima, sauti ni ya kweli, lakini saa siyo, na wewe huna haja ya kuamka na kwenda shamba. Mfano huo tumeuingiza katika mwongozo, maana watoto wameanza kuutumia wenyewe uwanjani.

Kipindi cha ngazi ndicho kilichotuonyesha tofauti baina ya mwezeshaji aliyeelewa na aliyekariri. Mvulana wa Gredi ya 5, mjini, husoma vizuri kabisa akiwa peke yake, lakini akisimamishwa sauti humkauka. Mwezeshaji alimpangia ngazi kwenye karatasi: asome akiwa peke yake, amsomee rafiki wa dawati, asome sentensi moja akiwa ameketi, asome akiwa amesimama mahali pake, mwisho asome mbele ya darasa. Ngazi ni nzuri, ila baina ya rafiki mmoja na darasa zima palikuwa na pengo kubwa. Mvulana mwenyewe ndiye aliyeona, akasema angependa kwanza amsomee nyanya yake. Kwa nini nyanya? Kwa sababu hasikii vizuri, na lazima asome kwa sauti kubwa mpaka majirani wasikie kibarazani. Ikawa ngazi ya tatu. Alipofika ya kusoma akiwa ameketi darasani alikuwa amekwisha kuzoea sauti yake mwenyewe ikiwa juu, na ndiyo iliyokuwa ikimtisha kuliko nyuso za watu.

Mwongozo umeongezwa sharti: ngazi haiandikwi na mwezeshaji peke yake, na haipandwi ya juu mpaka ile ya chini imechosha. Kipimo cha kuchosha ni mtoto mwenyewe kusema kwamba imekuwa si kitu. Kumsukuma apande kabla ya hapo kunamrudisha chini kabisa, na kumwacha akae ngazi moja wiki nyingi kwa huruma kunamfungia palepale. Huruma ya pili ndiyo inayowashinda zaidi vijana wetu, kwa sababu ni watu wema.

Juni

Upepo wa Kusi umekaza, na katika ukurasa wa pembeni wa dodoso boti imeandikwa na karibu kila mtoto anayevuka kutoka Manda. Mwezeshaji alikwisha kuanza kuwaandalia ngazi: kusimama gatini, kupanda boti iliyofungwa, kuvuka siku shwari, kuvuka siku ya mawimbi. Muuguzi aliisimamisha mara moja, na naona alikuwa na haki.

Bahari ya Kusi katika boti iliyojaa kupita kiasi, isiyo na jaketi za kuokolea maisha, ni ya kuogopwa. Mtoto anayeiogopa hana ugonjwa, ana akili. Programu ya kukinga wasiwasi ikimfunza mtoto kuidharau hatari ya kweli itakuwa imefanya jambo baya kuliko wasiwasi wenyewe. Swali tunalopaswa kuuliza kabla ya kila ngazi ni kama hofu inalingana na hatari, na pale inapolingana kazi ni ya wakubwa, si ya mtoto. Hivyo mazungumzo yamehamia kwa wazazi na manahodha: idadi ya watoto kwa safari moja, jaketi zinazowatosha watoto badala ya zile za watu wazima zinazowavuka kichwa, na siku ambayo nahodha atasema leo hatuvuki bila mtoto kuandikwa kuwa ni mtoro. Yule mmoja asiyeweza kusogea gatini hata maji yakiwa kimya kama kioo, huyo tu ndiye aliyebaki na ngazi.

Julai

Nilizembea kuandika wiki mbili kwa sababu ya jambo ambalo bado linatugawa.

Katika mojawapo ya shule, watoto walifunzwa katika kipindi chetu kwamba jibu baya si aibu, na kwamba ngazi ya wiki ni kuinua mkono mara moja. Kipindi kilichofuata, cha mwalimu mwingine, msichana aliinua mkono, akajibu vibaya, akaambiwa abaki amesimama mpaka kengele huku darasa likicheka. Siku iliyofuata mtoto mwingine alichapwa viboko vya mikononi kwa kukosa kazi ya nyumbani. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya nafsi. Sheria ipo, fimbo nayo ipo, juu ya kabati.

Nini maana ya kumfunza mtoto kwamba aliloliogopa halitatokea, ikiwa linatokea saa nne na nusu asubuhi, mbele ya macho yake? Tuliyoyasema juu ya bahari ya Kusi yanarudi hapa kwa ukali zaidi, maana bahari haikuagizwa na mtu. Mtoto anayeogopa kuitwa ubaoni katika darasa linalocheka na kuchapa ana hofu inayolingana na hatari. Programu inayomrekebisha yeye na kuliacha darasa lilivyo inamtwika mzigo usio wake.

Wenzangu wawili walitaka tuiondoe shule hiyo katika mradi. Nilipinga, kwa kuwa watoto wanaoihitaji kazi hii zaidi ndio hao. Tuliketi na walimu wote, si yule mmoja, baada ya masomo. Kikao hakikuanza na sheria, kwa sababu mwalimu anayesomewa sheria hujifunga. Kilianza na swali: nani hapa aliwahi kuogopa somo fulani, na lilikuwa la mwalimu gani? Hisabati ilitajwa na wengi, na kila aliyeitaja alimtaja na mtu. Mwalimu mmoja mkongwe alisema yeye alichapwa na akawa mtu. Mwenzake, kwa upole, akamuuliza wale waliochapwa pamoja naye wako wapi leo. Sheria ilisomwa mwishoni, na Mwalimu Mkuu ndiye aliyeisoma.

Waliyokubaliana ni ya kawaida kabisa, na kwa maoni yangu yatawafaa watoto kuliko nusu ya vipindi vyetu: mwalimu akiuliza asubiri kidogo kabla ya kumtaja mtu, watoto wazungumze wawili wawili kabla ya jibu kutolewa, anayekosea aulizwe alifikiaje jibu lile, kisha aketi kama wengine, kicheko cha kumcheka mtu kikomeshwe na mwalimu mwenyewe, papo hapo, matokeo ya mtihani yasisomwe kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wawezeshaji wataingia madarasani kuangalia, kwa ruhusa ya mwalimu, na watakayoyaona wataambiwa walimu wenyewe kwanza. Fimbo imeshuka kutoka juu ya kabati. Ilikokwenda sijui.

Septemba

Shule ya bara. Dodoso, pamoja na macho ya walimu, limetuonyesha watoto wachache ambao hawahitaji kipindi cha darasa zima bali wanahitaji mtu. Wanashtuka mlango ukigongwa, hawalali, mmoja huchora nyumba zinazoungua. Hawa waliona yaliyotokea kwao, na kilichowapata si wasiwasi wa kukuzwa na fikra. Kuwaambia wahoji fikra zao ingekuwa kuwakejeli. Tumewatoa katika zoezi la ngazi bila kuwatangaza, wanashiriki michezo na kupumua kama wengine, na muuguzi amewaandikia rufaa hospitali ya kaunti. Nauli ya mzazi na mtoto ya kwenda na kurudi inalipwa na mradi; rufaa isiyo na nauli ni karatasi.

Walimu wa madrasa wamepata kipindi chao. Ustadh yule ameanza kuwasikiliza watoto wanaotetemeka wawili wawili kabla ya kuwasimamisha mbele ya halaiki, na anasema wanahifadhi haraka zaidi. Nimemwomba aandike, ameahidi baada ya Maulidi.

Oktoba

Madodoso ya mwisho yamejazwa na yanaingizwa katika kompyuta bila majina, kwa namba tu. Kabla hayajafunguliwa naandika hapa tunachotarajia, ili tusije kujipangia ushindi baada ya kuona matokeo.

Tunatarajia tofauti ndogo. Mapitio ya Aliza Werner-Seidler na wenzake ya mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 81 ya shuleni yenye wanafunzi zaidi ya 31,000, yaliona kwamba programu hizi hupunguza wasiwasi, lakini kwa kiasi kidogo. Ndogo kwa mtoto mmoja, ikienea darasa zima, inaweza kuwa na thamani; lakini si muujiza, na mfadhili aliyeahidiwa muujiza tumemwandikia barua ya kumpunguzia matumaini. Yako pia majaribio yaliyokuja mikono mitupu. Lile kubwa la Uingereza la kuwafunza wanafunzi utulivu wa nafsi (mindfulness), yaani kuzitazama fikra na hisia zao kwa makini bila kuzihukumu, lililotangazwa mwaka 2022 baada ya kufanyika katika shule zaidi ya 80 na wanafunzi zaidi ya 8,000, halikuonyesha nafuu yoyote kuliko masomo ya kawaida, na wengi wa wanafunzi hawakuyafanya mazoezi nyumbani. Kwetu hilo ni onyo mahususi: kumfunza kila mtoto kuitazama hofu yake bila kumpa la kuifanyia kunaweza kumwongezea macho ya kuiona.

Tukikuta hakuna tofauti, itaandikwa hivyo na kupelekwa kwa wazazi hivyohivyo.

Ombi la kuongeza shule ya tatu, kisiwani Pate, limefika likiwa na barua nzuri ya chifu na walimu. Nimependekeza tusiongeze mwaka ujao. Fedha za boti na posho za shule ya tatu zinatosha kumlipa muuguzi wa pili wa kusimamia shule hizi mbili, kufanya vipindi viwili vya kukumbushia kwa watoto watakaokuwa Gredi ya 5 na ya 6, na kuendelea kukaa nyuma ya madarasa ya walimu tuliokubaliana nao mwezi wa Julai. Bila hivyo, tofauti yoyote tutakayoipata itafifia kama ilivyofifia ya Uingereza. Kamati imelichukua pendekezo na itatoa jibu Novemba. Mpaka hapo barua ya Pate imejibiwa kwa adabu, na walimu wao wamealikwa kuja mjini Januari kwa mafunzo ya wawezeshaji.